Kanyagio Zito

Tarehe 4 Februari

Mjukuu wangu Msumari,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, maana nina hasira, na hasira haikai foleni.

Karatasi yako imefika. Nimeisoma mwenyewe bila kumpa mama yako, ingawa alikuwa anachungulia begani kwangu kama paka aliyesikia harufu ya samaki. Mtaani wanasema mimi sijui kusoma. Najua. Nilijifunza herufi kwa kuchonga KICHWANI na MIGUUNI juu ya mabomba ya vitanda, ili wateja wasiviunge kinyume. Aliyejifunza kwa patasi hasahau kama nyinyi mliojifunza kwa chaki.

Sasa nijibu. Karatasi ina mistari miwili. Wa juu unasema Mbunifu, umeandika jina langu. Wa chini unasema Mwendelezaji, umeandika lako. Halafu kuna nafasi ya mimi kutia sahihi, ili karakana unayofanyia kazi iruhusiwe kutengeneza kitanda changu kwa ajili ya hospitali, na kila kitanda kipigwe kibati chenye majina yetu mawili. Mwendelezaji ndiyo nani? Kitanda changu kilikuwa kinakwenda wapi kikakwama njiani, mpaka uje wewe ukiendeleze? Huyo ni mtu aliyekuta chai imeiva, akaongeza sukari, akajiita mpishi.

Kuumba ni kwa Mungu, hapo sibishi. Lakini baada ya Mungu, kwenye mambo ya vitanda, nafuata mimi. Marehemu bibi yako alipougua kifua akawa hawezi kulala chali wala kuinuka, sikwenda kumuuliza mtu. Nilichukua springi ya lori bovu, bawaba mbili za geti na mabomba niliyokuwa nayo. Nikaweka kanyagio ubavuni. Unalikanyaga, upande wa kichwa unapanda, mgonjwa anaketi kama bibi harusi. Kitu kama hicho hakikuwepo. Nilipomaliza kikawepo. Hiyo ndiyo kazi.

Na wewe unaniandikia, tena kwa furaha, kwamba umerefusha wenzo na kubadilisha springi ili kanyagio liwe jepesi. Nani alikutuma? Kanyagio langu ni zito kwa sababu linatakiwa kuwa zito. Lirudishe kama lilivyokuwa, kisha tuongee habari za sahihi.

Wiki ijayo nakuja huko mwenyewe kuonana na huyo mhandisi wa karakana yako. Mwambie atafute kiti imara, mimi siketi kwenye plastiki.

Salamu sasa. Hatujambo. Mama yako anakusalimu na anasema ule.

Babu yako,
Fundi wa Kwanza

*

Tarehe 11 Februari

Mume wangu mzee,

Shikamoo, na pole kwa hasira. Nimeisoma barua yako mbele ya mafundi wenzangu mpaka pale pa chai na sukari, na sasa karakana nzima wananiita Sukari. Umefurahi?

Babu, nisikilize kidogo, halafu unigombeze. Kitanda chako tulikitengeneza kama ulivyonichorea, kipimo kwa kipimo, nikakipeleka wodi ya wanawake ili wauguzi wakijaribu. Muuguzi wa kwanza alikanyaga, hakikwenda. Akapanda na mguu wa pili, hakikwenda. Wa tatu alirukaruka juu ya kanyagio kama mtoto, na mgonjwa aliyekuwa kitandani akaanza kucheka huku anakohoa, ikabidi tuache. Ndipo mhandisi akasema, "Aliyebuni hiki alikosea hesabu." Nilimwambia babu yangu hakosei hesabu ya chuma. Akaniuliza, "Basi kwa nini ni zito?" Nimekaa na lile swali mpaka leo linaniwasha. Nipe jibu nimpelekee.

Kuhusu lile neno, mhandisi anasema hivi: kubuni ni kuleta kitu ambacho hakikuwepo. Kuendeleza ni kukichukua ukakifikisha kwa watu ambao aliyekibuni hakuwa akiwafikiria. Mimi naona si tusi. Wewe ulimfikiria Bibi. Mimi nawafikiria wale wanawake wa wodini, ambao sasa hivi wanawekewa mabegi yao ya nguo mgongoni ili wapate kupumua, na begi likiteleza wanateleza nalo.

Hospitali imetupa mpaka katikati ya Machi. Sahihi yako isipofika, watanunua vitanda vya kawaida, visivyoinuka. Vitakaa pale miaka na miaka.

Njoo basi. Kiti cha mbao kipo, nimekikalia mwenyewe kukipima.

Mkeo mdogo,
Msumari

*

Tarehe 20 Februari

Msumari,

Sikuja. Nina kazi. Shule wanataka geti, na geti la shule huwezi kumwachia mtu yeyote tu, watoto wataning'inia.

Mwambie mhandisi hivi: mimi nilikuwa nafua chuma yeye akiwa bado hajaombwa na wazazi wake. Hesabu nimekosea? Mimi? Kuna geti langu limesimama sokoni tangu mama yako akiwa mgongoni, limegongwa na malori, na malori ndiyo yaliyopelekwa kwa fundi. Aende akalipime kwa rula yake.

Kwa nini kanyagio ni zito, si kazi yake kujua. Wala si yako.

Na hayo maelezo yake ya kuwafikiria watu, mimi siyapendi. Mtu akikushonea shati likakukaa vizuri, halafu akatokea mwingine akalipanua ili liwaenee watu wote, hilo bado ni shati lako? Litamwenea kila mtu, na wewe utaonekana umevaa gunia.

Samahani kwa penseli. Kalamu za siku hizi ni ovyo, unaandika maneno mawili zinakauka. Nimezijaribu tatu, zote nimezitupa dirishani, moja imempata kuku.

Hii dari ya chumba cha bibi yako inataka rangi. Kuna doa lina umbo la buti, na karibu na kisigino pana ufa unaoelekea ukutani. Nikipata nafasi nitaushughulikia. Mama yako naye amekuwa mwepesi kama karatasi, sijui anakula nini. Baiskeli yangu nimemwazima fundi cherehani wa pale konani, asije akadhani nimempa.

Usipige simu. Maneno ya simu hayashikiki. Ukimpigia mama yako atakuambia nipo kazini.

Sahihi sitii.

Fundi wa Kwanza

*

Tarehe 26 Februari

Babu,

Leo sina utani.

Barua yako imeandikwa kwa penseli, na mistari yote inapanda kulia kama inakwea ngazi. Mimi nashinda wodini, Babu. Mgonjwa akilala chali akainua karatasi juu ya uso wake, wino unarudi nyuma na kalamu inakauka. Ndiyo maana wagonjwa wote wa kule wanaandika kwa penseli. Nilipoiona barua yako nilijua kabla sijasoma hata salamu, na salamu zenyewe hazikuwemo.

Halafu lile doa la buti. Ukisimama mlangoni hulioni, boriti inaliziba. Ukiketi kwenye kile kiti cha pembeni hulioni pia. Nalijua kwa sababu nikiwa mdogo nilikuwa nalala kando ya Bibi, na mimi ndiye niliyemwambia ni buti. Yeye alisema ni kobe. Linaonekana kutoka sehemu moja tu ya chumba kile.

Nilimpigia Mama. Akasema upo kazini. Kisha akakata simu kabla sijauliza kazi gani.

Kwa nini umelala kwenye kitanda cha Bibi?

Mjukuu wako

*

Tarehe 3 Machi

Msumari,

Ndiyo, nimelala. Kwani kulala ni kosa?

Nilikuwa nakuja huko kwako. Nilipanda kwenye stuli kushusha begi juu ya kabati, stuli ikaondoka na mimi nikabaki hewani. Ile stuli sikuitengeneza mimi, hilo liandike popote unapotaka. Nyonga. Daktari anasema nisiweke mguu chini mpaka atakaponiambia, na huyo daktari ni kijana mdogo, anapenda sana kusema "taratibu." Nikawaambia basi niwekeni kwenye kitanda changu, kile nilichokibuni, muone kazi ya mtu.

Wakaniweka. Mama yako akakanyaga. Hakikusogea. Akapanda miguu yote miwili. Akashika ndoo ya maji huku na ndoo ya maji huku ili aongeze uzito, akapanda tena. Maji yakanimwagikia mimi, kitanda kimetulia. Nikamfokea, akanifokea. "Umetengeneza kitanda cha kuinuliwa na ng'ombe," ananiambia, mimi baba yake mzazi. Fundi cherehani alikuja akajaribu kunishika makwapani aniinue, huku anamuuliza mama yako kama nimeshakula, kana kwamba mimi ni mzigo usioweza kujibu. Nilimpiga na kofia. Tangu hapo nipo chali. Nakula chali, chai inaingia sikioni.

Umenikalia kooni na swali lako, sasa nakujibu. Huyo mhandisi usimwambie.

Bibi yako alipokuwa hapa nilipo, walikuwa wanakuja wanawake wa mtaani kumtazama. Watu wema. Walikuwa wanamwinua makwapani kama gunia, huku wanazungumza wao kwa wao juu ya kichwa chake, habari za bei na za wakwe zao. Siku moja akaniambia, "Mimi sitaki tena. Nataka uniinue wewe tu." Nikamwambia sawa. Nikaitafuta ile springi. Nikaijaribu kwa mama yako, kwa majirani, kwa kila aliyeingia, nikawa naikaza mpaka wote wakashindwa nikabaki mimi. Hiyo ndiyo hesabu ambayo mhandisi wako anasema nilikosea. Haikukosewa hata punje. Kitanda kile ni cha mtu mmoja kumwinua mtu mmoja. Wewe umekilainisha, sasa kila mguu unapita.

Jambo jingine lipo, linanikosesha usingizi, bora nilitoe. Nilikuwa natoka asubuhi narudi jioni. Alikuwa ananiambia anaisikia baiskeli yangu tangu kule konani, anaijua kwa mnyororo unavyolia. Nilikuwa nacheka, nafurahi. Nilikuwa nawasimulia watu kazini kwamba mke wangu ananisikia tangu konani. Sasa nami nashinda hapa naisikiliza kona. Najua nani ana kikohozi, najua gari gani limeharibika. Na lile doa si buti wala si kobe, ukilitazama mchana kutwa linakuwa doa tu. Yeye hakulalamika hata siku moja. Mimi wiki ya tatu hii nimeshagombana na mtaa mzima.

Kwa hiyo sahihi sitii. Si kiburi, ingawa kiburi ninacho. Kile ni kitanda chake. Siwezi kukitolea ruhusa.

Babu yako

*

Tarehe 8 Machi

Mume wangu mzee,

Nimelia, nikacheka hapo penye kofia, nikalia tena. Kisha nikaenda karakana.

Pamoja na barua hii kuna mzigo kwenye basi la asubuhi, Mama akaupokee. Ni mzito, aende na fundi cherehani, na umwombe radhi kwanza. Ndani kuna parafujo ndefu ya chuma, vishikio viwili, na mkono wa kuzungusha kama ule wa cherehani. Kanyagio lako sijaligusa wala sitaligusa. Springi iachieni ilegee. Parafujo inakaa chini ya fremu ya kichwa, na mkono wake unatokea kando ya godoro, pale kiganja chako kinapofika ukiwa umelala. Nimeupima kwa kulala mwenyewe chali sakafuni, mafundi wananiruka kama maiti. Mama atakaza boliti, tundu zake ni zilezile ulizotoboa wewe, kwa hiyo hakuna cha kuchomelea. Ukizungusha kulia unapanda. Kushoto unashuka. Ni polepole, utaona kama hakiendi, lakini kinakwenda.

Mhandisi alisimama juu yangu akaniuliza natengeneza nini. Nikamwambia sijui bado kinaitwaje. Akasema kwenye michoro yako hakuna kitu kama hiki. Nikasema najua.

Unajua nilichokuwa nawaza, Babu? Bibi alisema hataki kuinuliwa na mtu mwingine, na wewe ukamsikia, ukamtii kuliko mume yeyote ninayemjua. Mimi nilikuwa nalala kandoni mwake kila siku. Hata mimi sikuwahi kuwaza kwamba labda angependa kujiinua mwenyewe.

Mambo ya sahihi yaache. Hiki si cha hospitali, ni chako. Nimewaambia wodini kwamba huenda tusiwape kitanda. Yule mgonjwa aliyecheka siku ile aliniuliza kitanda cha kurukiwa kimeishia wapi. Nikamwambia mwenyewe anakitumia.

Nisingekuacha ukipambana nacho peke yako, lakini ruhusa ya kazi nimepewa ya wiki ijayo tu. Nitakuja.

Msumari wako

*

Tarehe 13 Machi

Mjukuu wangu,

Salamu nyingi, tena naanza nazo. Unauona huu wino? Ni kalamu ya kawaida, ileile ya dukani. Nimeketi.

Sasa nisikie makosa yako. Parafujo yako inalia kama mlango wa posta. Meno yake ni makali upande mmoja, hukuyapitia sawasawa, ulikuwa na haraka. Na ule mkono ni mwembamba kwa kiganja cha mwanaume, umetengeneza ukifikiria vidole vyako. Nilimtuma mama yako aniletee tupa, msasa na kopo la grisi, nikaufanyia kazi humuhumu kitandani, vumbi la chuma limejaa shukani, mama yako ananuna. Nimeuvisha mpira wa usukani wa baiskeli. Sasa unakwenda kama mate.

Walipomaliza kukaza boliti niliwatoa wote chumbani. Mtu akijaribu chombo hataki watazamaji. Nikazungusha. Kwanza niliona kama umenidanganya. Kisha doa la dari likaanza kuteremka, likapita boriti, pakaja juu ya kabati, kisha kabati lenyewe, na lile begi bado liko pale juu. Halafu dirisha. Nikaona mlango wa banda langu uko wazi, na nyundo yangu kubwa imeachwa nje kwenye umande. Nilimfokea mama yako kwa sauti mpaka akaja anakimbia akidhani nimeanguka tena. Akanikuta nimeketi. Akasimama pale mlangoni na mikono yake ina grisi. Nikamwambia nyundo, na yeye akasema ndiyo baba, na hakwenda.

Baada ya hapo nilishuka. Nikapanda tena. Nikashuka. Mama yako anasema nitakimaliza. Mwache aseme.

Niliwaza sana juu ya yale maneno yenu ya kwenye karatasi. Nilitaka kukukuta na kosa sikulipata, na hiyo inanichosha. Ungelainisha kanyagio langu, hapo ungekuwa umeendeleza, nami ningekukatalia mpaka kaburini. Lakini hiki cha kujiinua mwenyewe mimi sikukifikiria, wala bibi yako hakukiomba, wala michoroni hakimo. Hakikuwepo. Kikawepo. Nilishakuandikia mimi mwenyewe kwamba hiyo ndiyo kazi, na mimi sili matapishi yangu.

Karatasi yako imo humu ndani, imetiwa sahihi. Usishtuke ukiiona, nimeirekebisha. Mstari wa juu, wa Mbunifu, nimelikata jina langu nikaandika lako lote, lile la kuzaliwa, kwa herufi kubwa kama za KICHWANI, nimekandamiza kweli mpaka karatasi imetoboka kidogo. Mstari wa chini, wa Mwendelezaji, nimeandika langu. Nani aliyeulainisha ule mkono? Nani aliyeweka mpira? Basi. Wodini wawekeeni na wao mpira, mikono ya wagonjwa ina jasho.

Kanyagio msilitie. Hata moja. Wauguzi wakitaka kumwinua mtu wazungushe, tena wamuulize kwanza. Kanyagio lile lina mwenyewe.

Yule mwanamke anayecheka apewe kitanda cha kwanza.

Fundi cherehani nimemwomba radhi, amenishonea na mto. Baiskeli nimemwambia aendelee kukaa nayo mpaka uje. Ukishuka kwenye basi ipitie pale kwake uipande, usije kimya kimya kwa miguu. Mnyororo bado unalia, nimewakataza kuutia mafuta. Nataka nikusikie tangu konani, nipate muda wa kuzungusha, ukifungua mlango unikute nimeshaketi.

Babu yako,
Fundi wa Pili
(kwa kitanda hiki tu)